Gari Langu Halikubonyea

Gereji, Mafiga
Saa kumi jioni

Felista mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini naipokea mapema, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda shikamoo yako ukaamua kubaki nayo.

Kesho alfajiri unakwenda Korogwe kuanza kazi ya uuguzi. Baba wengine siku kama ya leo huandika mambo ya kubeba sweta na kutopokea biskuti ya mtu usiyemjua ndani ya basi. Mimi hayo sina. Kwa umri wako nilikuwa nimeshalala Lusaka, nimeshakamatwa Lubumbashi na nimeshatoroka Lubumbashi, na nilikuwa utingo tu wa lori, sina hata kiti changu. Shule niliishia darasa la tano, tena la tano lenyewe niliaga kabla ya mtihani. Lakini uliza Morogoro nzima nani ananyoosha gari lililogongwa mpaka mwenyewe asijue liligongwa wapi. Watakuonyesha hapa kwa kidole. Mafundi bodi wengine wanapaka puti kama mtu aliyepewa siagi ya bure. Mimi bati nalinyoosha mpaka linakumbuka lilikozaliwa.

Naanza na sifa kwa sababu ndizo zilizoua. Bibi yako hakuuawa na mama yako. Bibi yako nilimuua mimi, kwa sifa zangu na mashine ya kuchomelea. Kama ulikuwa umesimama, sasa kaa.

Na jambo la pili, ulijue mapema usije ukapiga kelele kesho mbele ya majirani: lile gari jeupe nililokuahidi hutaondoka nalo. Leo asubuhi nimelikata pua kwa grinda. Limekaa hapa mbele yangu, mdomo wazi, kama mzee aliyesahau meno yake kwenye glasi. Utapanda basi.

Unalijua gari hili tangu una miaka kumi na minne. Lilikuja kwangu limevutwa, ubavu umeingia ndani, nikalinunua kwa bei ya huruma, nikalinyoosha. Gari la kawaida la familia, milango minne na buti la kutosha mikungu mitatu ya ndizi. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini mimi nimeona dunia. Nilishaona kule Zambia lori kuukuu likipanda kichuguu, kichuguu kikalala, lori likaendelea na safari huku dereva anakula muwa. Nikarudi nyumbani nikiwa na dini moja: gari zuri ni gari gumu. Haya ya siku hizi nilikuwa nayaita maandazi. Ukilikoholea, linabonyea.

Kwa hiyo nikatafuta kipande cha reli. Usiulize kilitoka wapi, aliyeniuzia naye hakuuliza kinakwenda wapi. Nikakilaza nyuma ya bampa, nikakichomelea kutoka taa mpaka taa. Halafu nikachukua mabomba mawili mazito ya chuma, nikayaunga kutoka kwenye ile reli mpaka kwenye bati lililo nyuma ya injini, pale miguu ya abiria inapoishia. Pale mbele kulikuwa na vidude viwili vidogo vya plastiki vyenye nyaya, vinanizuia njia. Nikavikata. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ile yenye picha ya mtu amekaa mbele ya mpira. Nikafungua dashibodi nikaing'oa taa. Huo ndio ulikuwa ufundi wangu, Felista. Kinacholalamika, nakinyamazisha.

Wewe ulikuwa shule, hukuona siku niliyolijaribu. Nyuma ya gereji palikuwa na ukuta wa choo cha zamani ambao mwenye kiwanja alitaka uangushwe. Nikawaita watu. Wakajaa, wengine na maandazi yao mkononi, kama mpirani. Nikaingia ndani ya gari, nikatia gia ya pili, nikaupiga ule ukuta. Ukaanguka wote. Vumbi likatulia, watu wakaja kupapasa bampa, hakuna hata kovu. Walinibeba juu juu. Kuanzia siku ile gari likapata jina, Halibonyei, na mwenye gereji ya jirani akaanza kunichukia kwa dhati.

Shingo iliniuma wiki nzima. Nikameza dawa za malaria.

Bibi yako alikuwepo siku ile. Alishuka kutoka mlimani na tangawizi yake ya kuuza, akapitia kutusalimu. Unakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiongea mimi na yeye, kama watu waliogombana: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawakai kiti kimoja. Yeye atavuta kanga mpaka kwenye nyusi, atageukia pembeni, halafu ataniponda bila huruma. Siku ile alikuwa anautazama ule ukuta ulioanguka.

"Mkwe," akasema, "ukuta umekufa, gari lako zima. Mbona shingo iliyopinda ni yako?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, kisha nikamjibu kwamba mambo ya gari ni mazito, yeye ahangaike na tangawizi. Akasema tangawizi nayo ikiangukiwa na jiwe haiangalii jiwe limevunjika au la. Nikacheka tena. Nilikuwa na kicheko kikubwa sana siku zile, kilikuwa kinajaza kichwa chote, kingine hakipati nafasi.

Sasa nakupeleka Mikese, na usiruke mistari.

Ulikuwa na miaka kumi na sita, uko bweni. Bibi alitaka kwenda Mikese kumwona dada yake aliyekuwa anaumwa. Kwa kuwa mimi mkwe siwezi kukaa naye bega kwa bega humo ndani, akaendesha mama yako. Mama yako alikuwa anaendesha vizuri kuliko mimi, na hilo nalo sijawahi kulisema mahali popote mpaka leo saa kumi na robo. Walipokuwa wanarudi, bodaboda iliyobeba magunia ya mkaa ikachomoza kutoka kwenye njia ya pembeni bila kutazama. Mama yako akaikwepa. Akaenda kugonga ukuta wa zege wa kalvati.

Nilipigiwa simu na mtu aliyelitambua gari. Nikafika na bodaboda, watu wamejaa. Mama yako amekaa kwenye majani ameshika mbavu, anapumua kama kuku aliyekabwa. Bibi yako alikuwa bado yumo ndani, kiti cha kushoto, mkanda amefungwa, kanga imekaa vizuri kichwani, hana tone la damu.

Nilimtazama nani kwanza? Wewe muuguzi, umefundishwa nani anatazamwa kwanza. Mimi nilitazama bampa. Niliinama, nikapitisha kiganja kutoka taa mpaka taa. Rangi ilikuwa imekwaruzika upana wa kidole. Zege la kalvati lilikuwa limemeguka kama muhogo mkavu. Nikasema kwa sauti, na watu walinisikia:

"Mnaona? Halijabonyea."

Nilikuwa natabasamu. Ndipo nikainua kichwa, na kupitia kioo nikamwona mama mkwe wangu ananitazama usoni. Miaka yote ile hakuwahi kunitazama usoni hata mara moja. Siku aliyonitazama alikuwa ameshakufa.

Tangu hapo, mwanangu, nikitaka kumjua mtu sisikilizi anasema nini. Nasubiri kitu kivunjike, natazama anakimbilia wapi kwanza. Kipimo hicho nilikipata kwangu mwenyewe na nilianguka.

Kulikuwa na trafiki pale, kijana mrefu, ndiye aliyekuwa na tochi ya kupimia mwendo pale penye nyumba nyingi ambapo mwisho ni hamsini. Alinivuta kando. Akasema, "Mzee, huyu mama mimi mwenyewe nilimpiga tochi, hata dakika mbili hazikupita akagonga. Arobaini na nane. Hana kosa. Sielewi mtu anakufaje hapa." Nikamwambia ni mipango ya Mungu. Nilimsingizia Mungu kabla mwili haujatolewa ndani ya gari.

Hospitali, daktari akaniita ofisini. Akasema mwili wa bibi ulisimama ghafla mno, vilivyomo ndani havikupata muda wa kusimama, mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ukachanika. Akauliza, "Gari lilibonyea sana mbele?" Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba halikubonyea hata kidogo. Akaweka kalamu chini, akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe amevaa miwani, akasema, "Basi ndiyo maana." Nilitoka nikijiambia huyu daktari kasoma mpaka kaharibika.

Mama yako mbavu tatu na goti. Lile goti unalolisikia likilia akipanda ngazi za kanisa, ndilo hilo.

Mazishi yalikuwa juu mlimani kwao. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba la tangawizi lilikuwa linashuka kutoka kwa bibi kwenda kwa mama yako. Hilo wewe unalijua. Usilolijua ni kilichosemwa kabla hujafika kutoka bweni. Lile gari nililipandisha mimi mwenyewe mpaka linapoishia barabara, nikaliegesha pale, kila mtu akapita nalo akilipapasa. Gari zima, taa nzima, bampa zima, na ndani yake katoka maiti. Ungekuwa wewe ungesema nini? Wale nao wakasema hicho hicho. Mjomba wako Linus akasimama mbele ya kaburi, akamwambia mama yako, huku mama yako amefungwa bandeji hawezi hata kunyanyua mkono:

"Dada, gari halina hata mkwaruzo. Mama yetu umempeleka wapi?"

Mama yako akasema alikuwa chini ya hamsini. Ndicho kitu pekee alichosema. Akakirudia, nilikuwa chini ya hamsini, kana kwamba kuna mtu aliuliza. Wakaanza kunong'ona kwamba ametoa kafara, mama kwa shamba. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Nilikuwa na neno la trafiki mfukoni, nilikuwa na neno la daktari, nilikuwa na mdomo huu ambao umenitoa jela ya Lubumbashi. Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa viatu vizuri, vya Lusaka.

Halafu ukaja wewe. Mama yako akajikaza akakunyooshea mkono, ukaurudisha.

Mpaka leo hajapanda mlima. Kaburi la mama yake halijui lina msalaba wa mbao au wa saruji. Ukiona anakaa uani jioni akiutazama Uluguru mpaka ukungu uufunike, usifikiri anapumzika.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Sina sababu nzuri, nina sababu ya kweli. Wiki ile ile ya matanga walikuja watu gerejini kuniulizia. Hawakuja kutoa pole. Walikuwa wamesikia kuna gari limepiga zege Mikese na halikubonyea. Wakataka na yao yafanywe hivyo. Niliyafanya tisa. Mawili ya walimu, moja la padri. Bibi yako, kaburi lake halijaota hata majani, ndiye alikuwa tangazo langu, na sikulipia hata bango.

Sasa zamu yako, usifikiri nimekusahau. Umerithi mdomo wangu bila ucheshi wake, ni hasara tupu. Ulipomaliza shule ukarudi nyumbani, ukanunua jiko lako la mkaa, ukaliweka nyuma ya nyumba, ukaanza kujipikia chakula chako. Mwenye nyumba anapika wali, binti yake anapika wali wake hatua sita nyuma ya ukuta. Majirani walidhani tumehamiwa na mpangaji. Siku moja mama yako alikuletea bakuli la mchuzi mpaka nje. Ulimwambia, nikiwa ndani nimesikia, "Mpe baba. Mimi bado nataka kuishi." Alirudi nalo. Akaniwekea mimi. Nikala, Felista. Mchuzi ulikuwa mtamu, nikalamba na bakuli.

Halafu ukaenda chuo cha uuguzi ukasoma, ukarudi ukaniambia kwa kiburi cha wasomi: "Baba, mimi siamini tena uchawi. Naamini tu alikuwa anakimbia." Ukafikiri umempunguzia. Ulimbadilishia shitaka, hukumu ikabaki ile ile. Na jiko likabaki nyuma ya nyumba. Nilikutazama nikasema moyoni, huyu naye habonyei, na nilijua nani alimchomelea reli.

Simaanishi kukulaumu. Wewe ulikuwa mtoto, ulipewa uongo ukaula wa moto. Lakini nakwambia kwa sababu kuanzia kesho wagonjwa watakuwa mikononi mwako, na mikono hiyo nimeiona ikirudisha bakuli.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, alileta hapa gari lake mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mtu mpole, miwani imefungwa na uzi. Gari lake lilikuwa limegonga mti, pua yote imejikunja kama feni ya karatasi. Yeye mzima, anasimama, anakula karanga. Nikaanza utani wangu. Nikamwambia, "Mwalimu, hili andazi lako nikufanyie gumu, nitie chuma, siku nyingine ugonge mti uanguke mti." Nikamwonyesha Halibonyei. Akainama akachungulia chini yake, akakaa kule chini muda mrefu. Alipoinuka hakuwa anacheka. Akatoa simu akanionyesha video.

Ni watu wa huko nje, wana jumba kubwa, mwisho wa jumba kuna ukuta. Wanachukua gari jipya kabisa, halijabeba hata ndizi, wanalivuta kwa mwendo mkali na kulibamiza ukutani kwa makusudi. Ndani wamekaa midoli mikubwa kama watu, ina alama za duara nyeusi na njano kwenye mashavu. Kuna mdoli baba, mdoli mama, na nyuma watoto wao. Familia nzima, mikanda imefungwa, inapelekwa ukutani. Nilicheka nikalia machozi. Nikamwuliza hawa watu hawana kazi? Akasema hiyo ndiyo kazi. Midoli ina vipimo kifuani, shingoni, magotini. Gari likishapiga ukuta hawakimbilii kutazama bampa, wanakwenda kumsoma mdoli. Gari linapewa nyota kwa jinsi mdoli alivyopona.

Akairudisha video polepole. Nikaona pua ya gari inajikunja, inajikunja, inajikunja, na kule ndani mdoli anasogea mbele taratibu, anaupokea mfuko wa hewa kama mtu anayelalia mto. Mwalimu akasema, "Fundi, mgongano ni mzigo, lazima mtu aubebe. Pua ikikataa kuubeba, anaubeba aliyekaa ndani."

Kisha akaniuliza vile vidude viwili vya mbele vyenye nyaya viko wapi, maana ndivyo vinavyouambia mfuko wa hewa ufunguke.

Nilimwambia ngoja nikajisaidie. Nilikwenda nikakaa pale palipokuwa na ule ukuta wa choo. Nikaishika shingo yangu. Nikamsikia bibi yako, amegeukia pembeni, kanga kwenye nyusi. Wenzetu wana midoli ya kujaribia magari. Mimi nilimtumia mama mkwe, na hata kumsoma sikumsoma.

Tangu siku hiyo nayafuata yale magari tisa. Nawaambia wenyewe nataka kutoa chuma, bure, na kuwarudishia walivyokuwa. Utacheka. Mwalimu mmoja aliniambia, "Mzee umeanza kuzeeka, unataka kunidhoofishia gari." Mwingine alifikiri nimepata mteja wa chuma chake. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, akaniletea funguo mwenyewe, akaniuliza kama hiyo ndiyo yote niliyokuja kuungama. Nikasema ndiyo. Uongo wa kumi. Mpaka sasa nimetoa saba. Wawili nawavizia.

Jumapili iliyopita nikamwambia mama yako. Nilimwambia yote, reli, vidude, taa niliyoing'oa, bampa nililolipapasa, trafiki, daktari. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuacha kuchambua. Nilisubiri anirushie sinia, kwa kweli nilikuwa nimekaa mahali pazuri pa kurushiwa. Alipofika jani la mwisho akauliza:

"Felista umemwambia?"

Nikasema bado.

"Basi hujaniambia kitu," akasema, akaenda kuosha mchicha.

Ndiyo maana naandika. Kukwambia kwa mdomo ningeweza, lakini mdomo wangu naujua, ungefika katikati ukatia kichekesho, wewe ukacheka, mambo yakaisha. Hata hapa umeniona ninavyohangaika nao.

Kesho ukishaondoka, ile reli naifunga nyuma ya bodaboda na kupanda nayo mlimani kwa Mjomba Linus. Nimeshampigia, nimemwambia akusanye ukoo, nina jambo. Akauliza la heri au la shari. Nikamwambia ni la kilo nyingi. Nitaiweka juu ya kaburi waione na nitasema kama nilivyosema hapa, na wakitaka kunipiga watanipiga, wale ni wakulima, wana mikono. Wakimaliza nitawaomba wamfungulie mama yako njia ya kwenda kwao. Wasipofungua, nitarudi kesho kutwa na wiki ijayo. Nimeshang'ang'ania mipaka migumu kuliko hiyo. Mama yako hajasema kama atanisamehe na mimi sijamwuliza. Nisije nikamgonga tena kwa sababu nina haraka.

Wewe siwezi kukuamuru. Umeshakuwa mtu wa mshahara. Ukitaka kunichukia una haki, tena una mashine nzuri ya kuchukia, imefanyiwa mazoezi miaka minane, geuza usukani tu. Lakini kuna jambo moja huwezi kulifanya ukiwa Korogwe.

Mama yako ataamka saa kumi alfajiri kukupikia vya njiani. Ameamka hivyo kila ulipokwenda chuo, kila muhula. Chapati na mayai, kwenye lile kopo la bluu. Hukuwahi kulibeba. Ukishatoka analifungua, anawapa watoto wa jirani, analiosha, analirudisha kabatini mpaka safari nyingine. Kesho ataliweka mezani tena, atajifanya anatafuta chumvi.

Nenda jikoni. Mwamkie. Kaa umege chapati pale pale mbele yake, umeze akuone. Usimwombe msamaha, atachanganyikiwa, hajapata mazoezi ya kuombwa. Wala usimweleze habari za midoli na reli, hizo ni zangu, nitazibeba mimi.

Mwambie tu, "Mama, ulikuwa arobaini na nane."

Baba yako